Watoto Tisa Nyuma ya Jikoni

Chuoni, Bomet
11 Mei 2025

Dada Mongina,

Habari ya huko kwa baridi? Natumaini mafua yamekuacha, na mama anameza dawa ya presha bila kusukumwa. Mimi ni mzima, ila githeri ya hapa, mahindi na maharagwe kila siku, sasa naiota.

Ningekupigia simu, lakini nataka uishike hii karatasi kwa mkono. Tuliambiwa kila mmoja ajieleze: amesoma wapi, ametumia simu na kompyuta namna gani, na kwa nini anataka ualimu. Mwalimu Onsongo alisoma kazi themanini, akachagua yangu asomee darasa zima. Anasema nikienda mazoezi ya kufundisha nitapelekwa ile shule ya mjini yenye chumba kipya cha kompyuta. Nimekuwekea nakala. Msomee mama pia.

Mdogo wako,
Janefer


Kericho
30 Mei 2025

Janefer,

Sisi tuko salama. Mama anaendelea vizuri. Nakala yako nimeisoma mara tatu. Mama sijamsomea.

Ukurasa wa kwanza sina neno. Ulianza shule Chepilat, tukahamia hapa kwa nyumba za wachuma chai ukiwa darasa la tatu, na huko sekondari mlikuwa watu kumi na wawili kwa kompyuta moja. Hayo ni yako. Lakini ukurasa wa pili unasema mwaka wa corona, shule zilipofungwa, wewe ulikusanya watoto tisa nyuma ya jikoni kwetu, ukawafungulia masomo kwa simu ya kuazima na kuwaandikia herufi kwa makaa juu ya maboksi. Janefer, ile simu niliiazima mimi kwa Bilhah, nesi wa zahanati. Yale makaa yaliingia kwa kucha zangu. Nilikuwa natoka kuchuma saa nane, mgongo unawaka, ndipo naanza kufundisha.

Unajua mwaka wa 2015 barua ya chuo ilikuja na jina langu. Unajua baba alikuwa amevunjika mkono, nikachukua kikapu chake cha kuchumia chai. Lakini hili hulijui: siku tulipokusindikiza chuoni nilibeba sanduku lako, na njia yote nilikuwa naomba lifunguke, vitu vyako vimwagike mbele za watu. Nilikuonea wivu hivyo. Nikajituliza kwamba wewe umepata chuo, mimi nimebaki na wale watoto. Sasa umechukua hata hao.

Dada yako,
Mongina


Bomet
8 Juni 2025

Dada,

Natumaini hasira haijakuharibia usingizi. Mimi niko sawa.

Ulipolala mgonjwa wiki nzima, ni nani alishika ile simu? Ni mimi. Kwa hivyo si uongo wote. Na ulitaka niandike nini? Kwamba dada yangu alifundisha na mimi nilikuwa nachambua mboga? Hakuna anayepewa nafasi kwa sababu ya dada yake. Tafadhali, haya mambo yaishe.

Janefer


Sigor
7 Septemba 2025

Dada Mongina,

Sijui kama uko mzima. Miezi mitatu hujajibu, na nikipiga simu mama anasema uko shambani.

Mwisho wa Juni Mwalimu Onsongo aliniita ofisini. Mkononi alikuwa na barua isiyo na jina, akanipa nisome. Sikufika mbali. Ile J yenye mkia mrefu ni wewe ulinifundisha. Akaniuliza kama ni kweli. Ningeweza kukana, hakuna shahidi. Nikasema ni kweli. Nilisimamishwa mbele ya darasa nikasema wale watoto walikuwa wa dada yangu, anayechuma chai Kericho. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nafasi ya mjini amepewa mwingine. Mimi nimeletwa shule ndogo huku nje ya Sigor, tableti zilikufa betri zamani. Nina gredi ya nne, watoto arobaini na sita, na hawanisikii. Nikiongea, nao wanaongea.

Nilikuchukia. Bado kidogo. Lakini nimekaa na ule ukurasa wa pili na najua sikuuandika kwa ajili ya kompyuta za mjini. Wakati ule wa corona watoto walikuwa wanabisha mlango wakiuliza, "Mwalimu yuko?" Nikitoka mimi, Molly anasema, "Si wewe." Nilikuwa na miaka kumi na saba, nasifiwa nyumba nzima kwa kusoma, na mtoto wa miaka sita ananiambia si wewe. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kutaka ualimu. Chuoni siwezi kuiandika.

Mdogo wako,
Janefer


Kericho
21 Septemba 2025

Janefer mdogo wangu,

Niko mzima, mama pia. Anakuulizia kila jioni na mimi namjibu nikiangalia kando.

Ni mimi niliandika, usimshuku mwingine. Wala haikuwa kwa ajili ya ukweli; ningetaka ukweli ningeweka jina. Nilitaka ushuke, tukae sawa. Siku mbili nilichuma chai nikiimba. Siku ya tatu nikakutana na Molly, sasa ni msichana mrefu, akaniuliza kama ni kweli Janefer anakuwa mwalimu. Alikuwa amefurahi. Nikamwambia sijui. Yule mtoto nilimfundisha kusoma, na sikuwahi kumdanganya mpaka siku hiyo.

Huku mashine za kuchuma zimeletwa, sisi wa mikono tunapewa siku chache. Ijumaa tarehe tatu sina kazi. Nitakuja Sigor. Kama hutaki kuniona, usitoke. Nitakunywa chai hotelini, nirudi na gari ya saa sita, na sitakulaumu.

Dada yako,
Mongina


Ujumbe wa simu
3 Oktoba 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi

Dada, niko stage ya magari tangu saa tatu. Gredi ya nne nimewaacha wasome kimya, na najua hawasomi. Nimewaambia naenda kuchukua mwalimu. Umefika wapi? Mdogo wako.