Kwa Zablon Mwaluko, Ambaye Tarehe Yake ya Kuzaliwa Haikujulikana

Mwaka mmoja umetimia leo, Zablon, tangu Bwana alipokuita kutoka nyumbani kwako Ipagala. Sisi uliotuacha tunakuandikia ili ujue tulivyo, na ili wanaosoma wajue ulikuwa mtu wa namna gani.

Ulikuwa mpima ardhi. Viwanja vingi vya Area D na Miyuji vimesimama juu ya mipaka uliyoitembea kwa miguu yako, na hatujasikia jirani aliyegombana na mwenzake kwa sababu ya jiwe ulilolisimika wewe. Ulichukia kukadiria. Mkeo Ruthu alipokuambia kwamba chakula ki karibu, ulimuuliza ni karibu na nini. Alikujibu kuwa ni karibu na hasira zake, nawe ukaenda kunawa mikono.

Kila Jumamosi alasiri baraza la nyumba yako lilijaa wapenzi wa muziki wa roki. Walikuja Fabian, mtumishi wa Bunge, Shaaban, muuza matairi wa Miyuji, Lea, mhadhiri wa chuo kikuu, na wengine. Mgeni aliyetarajia pombe alikuta chai ya maziwa na bakuli la zabibu. Mliupenda hasa ule muziki wa magita yanayokoroma, uliozuka ng'ambo katika miaka ya sitini, ambao Wazungu waliupa jina gumu. Mliniomba mimi, kaka yako, kwa kuwa nilifundisha Kiswahili, niutafutie jina la kwetu. Niliwapa "roki ya njozi." Shaaban akasema njozi ni za manabii, hii ni roki ya maruweruwe. Jina lake ndilo lililoshika. Sikuupenda muziki ule, na sitajifanya leo kuupenda, lakini nilipenda namna mlivyobishana.

Mlibishana zaidi juu ya chanzo chake. Fabian alishikilia kwamba ni California, Shaaban kwamba ni London. Siku moja Lea alikutania, akasema ni aibu mpima mzima kushindwa kuwaonyesha jiwe la mpaka wa maruweruwe. Uliweka kikombe chini.

"Lea, mwanangu, korongo la hapa kwetu linaanzia wapi? Mvua hunyesha vilimani kote, maji yakakutana bondeni. Ukimwona mtu anakuambia chanzo ni kilima chake, jua ana kiwanja anakiuza huko."

Kisha uliingia ndani, ukatoka na ilimba ya baba yetu, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ile yenye utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu ili sauti ikorome. Ukaipiga. Hukudai kwamba Wagogo ndio walioanzisha roki. Ulisema tu kwamba sikio la Mgogo halikuhitaji kufundishwa kuupenda mkoromo. Hilo hata mimi nililikubali.

Kila siku ya kuzaliwa ya mwanamuziki mliyempenda ilipofika, mlikutana hata ikiwa siku ya kazi. Mmoja wenu alisimulia maisha ya mwanamuziki huyo, kisha santuri ikapigwa. Siku za kufa hukuziadhimisha. Ulisema kufa hakuhitaji juhudi, bali kila kuzaliwa kuna mama aliyetaabika. Na hukukubali tarehe ya kubahatisha. Uliiita uongo uliovaa tai. Yuko mpiga gita mmoja, kipenzi cha Fabian, ambaye vitabu vinatofautiana juu ya siku yake. Hajapata kuadhimishwa barazani kwako, na Fabian hajaacha kulalamika.

Kwa sababu hiyo wenzako walitujia baada ya matanga wakiwa na shida. Walitaka kuadhimisha kuzaliwa kwako, nao hawakuijua siku. Hata wewe hukuijua. Kitambulisho chako kinasema Julai mosi, lakini tulikuwa pamoja katika foleni ile: karani aliwaandikia Julai mosi wote waliosema hawajui, nami nikiwamo. Nilikataa tarehe hiyo. Fabian aliuliza kwa upole kama siku ya ubatizo haitafaa. Nilimjibu kwamba kasisi alipita kijijini kwa nadra, akawabatiza pamoja wachanga na wanaotembea. Tena ubatizo ni kuzaliwa kwa pili, na wao waliuliza juu ya kule kwa kwanza.

Ruthu alilia. Alisema mtu aliyewatafutia wageni wa mbali siku zao hawezi kulala bila siku yake mwenyewe. Binti yako Debora akamshika mkono, akanigeukia.

"Baba mkubwa, bibi alisemaje?"

Mama yetu alisema jambo moja, nasi tulikua tukilisikia: alikuwa shambani Mvumi, amekata suke la kwanza la uwele, uchungu ukamshika. Mwezi hakuutaja. Niliwaeleza kwamba hiyo si tarehe, maana mavuno hufuata mvua, na mvua ya huku haifuati kalenda.

"Mwalimu, samahani," alisema Fabian. "Na Pasaka je? Si huhama kila mwaka, na hakuna kanisa linalosema ni ya kubahatisha?"

Shaaban aliongeza kwamba Idi nayo husubiri mwezi uandame. Nimefundishwa katekisimu na watu wasiocheka ovyo. Hata hivyo niliwakubalia.

Basi tumeamua, wala hatutarudi nyuma. Siku yako ya kuzaliwa ni siku ya kukatwa suke la kwanza la uwele katika shamba la mama, iwe Aprili, iwe Mei. Haitasogezwa kwa ajili ya mwenye safari, wala kungojea Jumamosi. Shamba lilikuwa limeanza kuachwa. Msimu huu tumelilima lote. Wenzako walikuja kupalilia. Fabian aling'oa uwele akaacha magugu, hata Ruthu akampokonya jembe.

Leo masuke yametoka, bado ni mabichi. Kwelea wameanza kufika, nasi tunawafukuza kwa zamu. Shaaban alipendekeza tukate suke moja mapema, ili apate kuagiza gari la kubebea spika. Ruthu alimtuma kufukuza ndege. Suke likikomaa, Debora atalikata, nasi tutawapigia wenzako simu. Watakuja Mvumi na santuri zao, wakoromeshe magita yao katikati ya shamba. Mimi nitaketi mbele.

Wanaokukumbuka ni mkeo Ruthu. Binti yako Debora. Kaka yako Gideoni, ninayeandika haya. Dada yako Tereza. Wapwa na wajukuu wote wa Mvumi na Ipagala. Pamoja na Fabian, Lea na Shaaban, ambao tumewaandika miongoni mwa ndugu kwa kuwa wamelima nasi.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Tutakukumbuka daima, mvua iwahi au ichelewe.