Tela Litoke Kabla ya Ukuta

Jumapili, tarehe 2 Juni

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu nyingi. Hujambo, na hilo gari lako la vifurushi nalo halijambo? Sisi huku tu wazima, ila mgongo wangu unalalamika kama mgongo wa fundi cherehani yeyote. Usiupe pole, utadeka.

Sasa kaa nikwambie. Unalijua lile boti la marehemu mama yako, lililo juu ya tela nyuma ya chumba changu cha kushonea. Mwenye kiwanja ameleta waashi. Anazungusha ukuta pande zote, na pale penye njia ya gari ataweka mlango wa kupita mtu. Nikamuuliza, na boti la dada yangu? Akasema, boti ni lako fundi, ukuta ni wangu. Waashi wameanzia upande wa choo, wanakuja huku. Wakifika njiani, boti ndiyo basi tena, halitoki maisha.

Kulibeba haiwezekani, mbao zake ni za zamani, nzito mno. Lazima litoke na tela lake, na magurudumu ya tela yameoza. Nimegusa ringi kwa kidole, kidole kikapita. Hapa mjini nimeulizia mpaka nimekuwa kero. Ya siku hizi yana nati tano, langu ni la nati nne, na vijana wa gereji wananitazama kana kwamba nimewaletea meno ya babu yao wayatengeneze.

Wewe unaingia kila uani kupeleka mizigo. Nitafutie mawili. Kutoka nati hadi nati inayoielekea ni inchi sita. Nimepima mwenyewe.

Mwanangu, uzee wote huu nimechangamka kama ninayekwenda kuposa. Mama yako alikuwa akilipiga makasia boti hili kila Jumapili, mimi nimekaa mbele. Tangu atutoke halijagusa ziwa. Siwezi kukubali lizikwe na lenyewe.

Mjomba wako,
Fundi


Alhamisi, tarehe 13 Juni

Shikamoo Mjomba,

Natumai mgongo umetulia na mkaza mjomba hajambo. Mimi mzima, nina kucha nyeusi tu.

Nimeyapata. Naandika nikiwa nimekaa juu yake. Nimepita kwa wauza chuma chakavu wote ninaowapelekea mizigo, mpaka yule mzee wa nyuma ya stesheni akayavuta chini ya rundo la mabati. Nati nne, inchi sita kamili, tairi bado zina uhai. Mzee alibisha kidogo, eti matela ya namna yako huwa inchi tano. Nikamwambia mjomba wangu kapima watu na wazazi wao, tepu yake haikosei.

Yanapanda basi la kesho asubuhi. Waambie hao waashi waende polepole, wanywe chai.

Mpwa wako,
Dereva


Jumanne, tarehe 18 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Afya ipo, moyo ndio haupo.

Hayaingii. Nimeyageuza, nimeyasukuma, nimeyapiga kwa nyundo, nimeyasemesha vizuri, hayaingii. Bolti ziko ndani, matundu yako nje. Nimepima tena tela, inchi sita vilevile, sijui huyo mzee wako alikuuzia nini. Nimeyarudisha kwa basi lilelile, umtupie mwenyewe.

Waashi wamefika kwenye bomba. Kutoka pale hadi njiani ni kama kutoka kitandani hadi mlangoni. Nikiwapa chai wanakunywa haraka, wanarudi kazini. Sijapata kuona waashi wenye bidii kama hawa, na nimewapata mwaka nisiowataka.

Kama huna pa kutafuta tena niambie tu, nitaelewa. Nitaumia lakini nitaelewa.

Mjomba wako


Jumapili, tarehe 23 Juni

Shikamoo Mjomba,

Pole na moyo. Barua yako niliisoma kwenye foleni, nikacheka mpaka watu wa nyuma wakanipigia honi.

Mjomba, hebu niambie ukweli. Ulipima kama unavyopima kiuno cha mteja? Uliacha nafasi ya mshono, nusu inchi huku na nusu inchi kule? Chuma hakishonwi, Mjomba. Wala hakinenepi baada ya harusi. Yule mzee wa watu alisema kweli, ni inchi tano.

Lakini sikiliza. Nilipokuwa narudi kutoka stesheni na yale magurudumu garini, nimeona muuza maua sokoni na mkokoteni wake. Nikainama kutazama chini yake. Nati nne. Nikapima, tena bila nafasi ya mshono: tano. Nikataka kumkumbatia. Yeye anayachukia hayo magurudumu, eti ni madogo, mkokoteni uko chini na kila gari linarushia maua yake matope. Nikamwonyesha yale makubwa uliyonirudishia. Tumebadilishana palepale, maana ekseli yake ina matundu ya bolti ya inchi tano na ya sita pia. Nilifungua nati mwenyewe, ndoo za maua zimenizunguka kama bibi harusi, watu wamejaa wananishauri.

Yapo njiani yanakuja. Nenda stesheni mwenyewe, usitume mtu.

Mpwa wako,
Dereva


Jumatatu, tarehe 1 Julai

Mpwa wangu, mwanangu,

Marahaba mara mia. Tu wazima wote. Kuhusu mshono sina utetezi, mkaza mjomba wako amewasimulia majirani wote.

Yameingia. Yaliteleza yakakaa kama kitufe kwenye tundu lake. Niliporudi na spana niliyokwenda kuazima, waashi walikuwa wameshapanga mstari wa kwanza wa matofali kuziba njia, saruji bado mbichi. Fundi mwashi akanitazama, akalitazama boti, akasema, mzee, haya tutayatoa, lakini kusukuma tunasukuma na sisi. Basi tela likatoka, mpwa wangu, likafungwa kwenye pikapu ya jirani na waashi wakalifuata kwa miguu hadi ziwani, vumbi la saruji mwili mzima.

Mwanzo liliingiza maji, mbao zilikuwa na kiu. Tukaliacha zinywe, zivimbe, nyufa zizibe. Jana likawa kavu ndani, nikapanda. Nikakaa mbele, mahali pangu. Boti likabaki linazunguka palepale gatini. Watu wakaita, mzee, hamia katikati ushike makasia. Sikuweza kukalia kile kiti cha mama yako. Nikawaambia mwenyewe hajafika. Nililia kidogo, sikufichi, lakini nilikuwa na furaha.

Likizo yako ni lini?

Mjomba wako


Ijumaa, tarehe 12 Julai

Shikamoo Mjomba,

Hii siitii posta, nitakupa mkononi. Naiandika ndani ya basi, ndiyo maana mwandiko unaruka.

Sijapata kushika kasia maishani mwangu. Kwa hiyo tutazunguka wawili, na wanaocheka wacheke. Wewe kaa mbele.

Mpwa wako