Maganda Niliyoirudishia Miti

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Cecilia Garrow
Umri: Miaka 68
Kazi: Msusi wa vikapu
Makazi: Akwesasne, nyumba ya tatu kutoka bwawa la magogo
Yameandikwa: Tarehe 3 Oktoba 2024, saa nne asubuhi

Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimekuja kwa ajili ya Angus Jock, mume wa marehemu dada yangu, anayetuhumiwa kuingiza yule mdudu wa kijani anayeua miti ya vikapu kwenye kichaka chetu cha mbegu, tunakotunza miti hiyo. Hakumwingiza yeye. Ni mimi.

Mnamo tarehe 27 Machi 2021 mjukuu wangu Noella alinijulisha kwamba ataolewa Julai. Kwetu bibi harusi na bwana harusi hupeana vikapu mbele ya watu, na kikapu cha Noella nisingekubali kisukwe na mkono mwingine. Chane, zile tepe nyembamba za mti tunazosukia, zilikuwa zimeniishia. Binamu yangu wa ng'ambo ya mto alikuwa na gogo la mti mweusi wa vikapu, limenyooka, halina fundo hata moja. Kule mdudu alikuwa ameshafika, na ilikuwa marufuku kuvusha gogo lolote. Nilijua. Tangazo lilibandikwa dukani, na mimi ndiye niliyemsomea jirani yangu asiyeona vizuri.

Nililivusha tarehe 3 Aprili, chini ya magodoro mabovu.

Gogo likifika huzamishwa bwawani mpaka siku ya kupondwa. Maji hulizuia lisikauke, na kilichomo ndani ya gome hufa. Hilo kwetu hata mtoto analijua. Lakini Angus ndiye mwangalizi wa bwawa, na magogo ya mle anayajua kama wajukuu wake. Angeuliza hili limetoka wapi. Kwa hiyo nililificha nyuma ya banda langu, nikalifunika turubai, likakaa nchi kavu wiki tano.

Tarehe 9 Mei nililibandua gome, nikaliponda kwa kisogo cha shoka mpaka chane zikaachia. Mama yangu alinifundisha kwamba maganda hayatupwi. Hurudishwa penye mizizi ya miti iliyo hai, pamoja na tumbaku kidogo na shukrani. Kichaka cha mbegu kina uzio, na ufunguo alikuwa nao Angus. Saa kumi jioni nilikwenda kumwomba.

"Shemeji," akasema, "mwaka mzima hunijulii hali, leo umekuja na tabasamu. Unataka nini?"

"Ufunguo. Nakwenda kuweka tumbaku."

"Umeukosea nini mti mpaka uende kuuomba radhi?"

"Nipe ufunguo, mzee. Jua litazama ukiwa bado unaongea."

Akanipa. Hakuuliza kwenye gunia mna nini. Nikayamwaga maganda chini ya mti mkubwa kuliko yote, ule ambao mimi na dada yangu tuliokota mbegu zake tukiwa wasichana. Nikaushukuru kwa sauti. Kinachonichoma zaidi ni hicho, kwamba nilishukuru.

Agosti mwaka huu mti ule ulikutwa umekauka kileleni. Wakaguzi walipobandua gome waliona njia za mdudu zimejipindapinda kote. Miti thelathini na mmoja imewekewa alama ya kukatwa. Chini ya majani makavu yakapatikana maganda ya zamani, yenye matundu.

Tarehe 19 Septemba, kwenye mkutano ukumbini, Angus aliulizwa ni nani mwingine aliyewahi kushika ufunguo. Alinitazama. Nilikuwa mstari wa pili. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Angus akasema, "Ufunguo ulikuwa wangu. Kama ni lawama, nipeni."

Mtu mmoja wa nyuma akasema, "Mlinzi gani huyu? Bora tungemwajiri mdudu mwenyewe." Watu wakacheka. Wakamnyang'anya ufunguo alioutunza miaka kumi na minane.

Nilimfuata nje, nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Nilidhani utasema wewe, shemeji," akajibu, akaondoka.

Tangu siku hiyo sijasuka. Jana nilimweleza Noella. Aliingia chumbani akanitolea kikapu chake cha harusi, nilichokisuka kwa chane za gogo lile, nami nimekileta hapa. Ni kikapu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusuka, na naona haya kukitazama. Naomba Angus arudishiwe ufunguo wake, na asemwe vizuri ukumbini mbele ya walewale waliocheka. Mimi nisipewe tena, hata nikiuomba.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, na hakuna nililobakiza.

Sahihi: C. Garrow

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake yote. Kikapu kimoja kimepokelewa kama kielelezo. Kwenye aya ya bwawa nilikuwa nimeandika "nilisahau kulizamisha", kwa kuwa ndivyo alivyotamka mara ya kwanza. Nilipofika hapo alinizuia. Alisema, "Kata hilo, mwanangu. Sikusahau." Maneno hayo yamekatwa mbele yake, na sababu ya kulificha gogo imeandikwa badala yake.

Konstebo R. Peters