Nilisema Kidonda

Jumatatu, 3 Machi. Lodwar
Wagonjwa kumi na tisa kabla ya chai. Kazi ni ile ile: daktari anasema Kiswahili, mimi nasema Kiturkana, jibu linarudi, naligeuza. Koo limekauka. Keshokutwa Mama anakuja kutoka Kakuma na lile bega. Aliangukia moto utotoni, kovu likabaki kutoka kiwiko hadi begani. Mwaka jana likapasuka. Halifungi. Anauza kuni kwenye kambi ya wakimbizi akiwa amejifunika shuka, wateja wasisikie harufu.

Jumatano, 5 Machi
Daktari amekata kipande, kimepelekwa maabara. Kingo za kidonda zimeinuka, ngumu kama ukoko wa ugali. Ukigusa, damu. Mama hakulia. Mimi ndiye niliyetoka nje.

Ijumaa, 28 Machi
Majibu. Saratani ya ngozi. Daktari ameeleza polepole: ngozi ya kovu la moto, ikisumbuka miaka na miaka, seli zake za juu zinaweza kugeuka. Si laana. Haiambukizi. Inaonekana bado iko mahali pamoja. Ikikatwa mapema Eldoret na kuzibwa kwa ngozi ya pajani, mkono unaweza kubaki. "Mwambie mama," akasema.

Kwa Kiturkana chetu sijapata neno lake. Kwa wagonjwa wengine huwa nazunguka: ugonjwa unaokula nyama, unaotembea mwilini, unaoua usipokatwa. Nimesema hivyo mara nyingi bila kupepesa macho. Kwa Mama nimesema kidonda kibaya. Basi. Daktari akaitikia kwa kichwa, akidhani nimemaliza. Eldoret ni Aprili 14. Mama ameuliza kama kidonda tu kinahitaji safari yote hiyo. Nimesema ndiyo. Mwoga mimi.

Jumamosi, 5 Aprili
Mama Hodan amepiga simu. Ni Msomali mwenye duka Kakuma, ndiye mnunuzi mkubwa wa kuni za Mama. "Dada, mama yako wamemchoma bega na chuma. Mimi nimeona. Wewe kuja."

Kwetu kidonda kisichopona huchomwa kwa chuma cha moto. Kila mtu anajua. Hata mimi najua. Nilimpa neno la kidonda, akafanya la kidonda.

Nimefunga mfuko, kesho alfajiri naenda.

Jumapili, 6 Aprili. Kakuma
Homa. Mkono umevimba mpaka vidoleni. Kwapani nimegusa uvimbe, mgumu. Mama anawasifu waliomchoma, eti wana mkono mwepesi. Niliwakasirikia njia nzima, kisha nikaona sina haki. Wao nani aliwaambia? Tunarudi Lodwar leo leo.

Jumanne, 13 Mei. Eldoret
Upasuaji uliahirishwa mara mbili kwa sababu ya usaha. Leo picha zimetoka. Saratani imepita kwapani, iko mapafuni. Hata wakikata mkono wote, haitasaidia.

Nimeuliza kama uvimbe wa kwapani ulikuwepo Machi. Daktari wa hapa anasema huenda ulikuwepo, mdogo, huenda haukuwepo, hawezi kujua. Heri angenitukana. Naijua methali ya maji yaliyomwagika, asinitajie mtu.

Jumatano, 14 Mei
Nimemwambia Mama. Yote, kwa Kiturkana, pamoja na nilichoficha. Alivuta shuka, akafunika bega.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Daktari alisema mengi. Wewe ulisema machache."

Nilitaka kumuuliza kwa nini basi alinyamaza. Sikuthubutu. Baadaye ameniuliza jina la ugonjwa kwa Kiswahili. Amelirudia mpaka likakaa mdomoni.

Alhamisi, 15 Mei
Tumepewa dawa ya maumivu na barua ya kumtunza nyumbani.

Jumapili, 8 Juni. Kakuma
Asubuhi kusafisha bega. Dawa mara nne kwa siku. Anakula kidogo, analala sana. Nimeomba likizo kazini, wamenipa bila maswali.

Mchana Mama Hodan ameleta maziwa. "Ejok," akasalimu mlangoni, akaingia. Mimi nilikuwa nje naanika vitambaa vya kidonda. Nikasikia akiuliza kwa Kiswahili ni ugonjwa gani hasa. Niliweka beseni chini, tayari kuitwa.

Mama amejibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake kidogo. "Saratan. Hiyo inatembea. Imefika kifua."

Hakuniita nitafsiri. Nimesimama pale na vitambaa mpaka vikakauka.