Miraba Kumi na Minne

Kumasi,
Jumapili ya pili ya Februari

Mdogo wangu mpendwa Twumwaa,

Nakusalimu kwa mapenzi yale yale ya tangu tulipokuwa tukilala mkeka mmoja. Goti lako la kushoto linasemaje? Wajukuu wa Sekondi hawajambo? Samaki wa moshi uliowatuma walifika salama, na binti yangu Serwaa aliwapika kwa mchuzi wa chikichi. Nilikula vijiko vinne, naye akafurahi kama nimekula sufuria. Mimi moyo umechoka. Daktari hakunificha, amesema tuhesabu wiki. Usilie kwanza. Soma hadi mwisho, maana sikuandikii habari za kifo changu.

Uliniandikia kwamba Ijumaa hii wewe na Opanyin Badu, mkuu wa ukoo wetu, mtavunja jani mbele ya mashahidi kufunga mapatano ya kubadilishana ardhi: yeye achukue shamba la kakao la mama pale kijitoni, nawe upate ardhi mara tatu yake kule kulikokuwa na mgodi. Ukasema ulipositasita alikutolea ile karatasi yangu ya miaka ishirini na miwili iliyopita, akakuambia, "Soma mwenyewe, bibie. Huyu aliyesaini si wa tumbo la mama yako?" Ukacheka, ukakubali.

Tangu niliposoma maneno hayo sijapata usingizi. Nilimsumbua Serwaa mpaka Jumanne akanipeleka kwa gari. Wewe uliiona ardhi ile mwezi wa Julai, nyasi zimefika kiunoni. Mimi nimeiona sasa, katika vumbi la kiangazi, nikiwa nimesimama juu ya kilima. Twumwaa, nilishikwa na baridi juani.

Chini yangu kulikuwa na ardhi ya rangi ya tofali kuukuu, imepasuka, ina mawe na visiki vya miche iliyokufa zamani. Na katikati ya ukavu ule, miraba ya kijani. Niliihesabu: kumi na minne, kila mmoja una pande nne zilizonyooka kama mkeka uliotandikwa. Ndani yake miti imepita urefu wa nyumba. Ukitoka hatua moja tu nje, hakuna kitu. Nilichomeka fimbo yangu pale palipo wazi, ikaingia kiasi cha pingili ya kidole, ikagonga jiwe. Serwaa aliniuliza kama ni bustani za shule.

Unakumbuka kazi yangu ilikuwa nini. Kampuni ya mgodi ilipomaliza dhahabu ilifukia mashimo, ikapanda miche, ikaniajiri nipime kama inashika. Kwa miaka mitatu nilikwenda mara mbili kwa mwaka. Mtu hawezi kuhesabu kilima kizima, kwa hiyo huchagua miraba michache, akahesabu iliyo hai humo. Sharti ni kuichagua upya kila safari, kwa kura. Mimi niliichagua mara moja tu, nikapigilia vigingi kwenye pembe zake, nikavipaka rangi nyeupe, nikaviacha hapo ili nisihangaike kuitafuta tena. Ikawa rahisi kwangu kuiona, na kwa mwingine yeyote.

Mwaka wa tatu niliandika katika karatasi ile kwamba katika kila miche mia, tisini na mmoja ni mizima, na kwamba ardhi imepona, irudishwe kwa wenyewe. Ulikuwepo siku ngoma zilipopigwa. Mama alinishika mkono mbele ya watu wote.

Basi tukiwa pale kilimani akapita Ekuwa, mjane wa Atta seremala, na mzigo wa kuni kichwani. Alinisalimu kwa heshima, akatazama nilikokuwa nikitazama, akacheka, akiniita kwa shahada yangu kama kijiji kizima. "Daktari, umekuja kuangalia vitanda vyako?"

Serwaa akauliza, vitanda vipi tena? Ekuwa akatua mzigo, akaeleza kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka jana. Kwamba msimamizi wa kampuni aliwachukua wanawake kumi na mmoja, wakibeba udongo mweusi wa msituni kwa mabeseni, na maji, na kuvimwaga ndani ya vigingi vyeupe tu. Mche ukifa, waliung'oa na kupanda mwingine kabla sijafika. Walifanya kazi Alhamisi tu, siku ambayo Ardhi hupumzika na hakuna mtu wetu anayekwenda shambani, ili asiwepo wa kuwaona.

"Alichokuwa akipima baba yako," akamwambia Serwaa, "ni migongo yetu."

Serwaa alipandwa na hasira. "Baba, walikudanganya! Mzee wa watu, wamekufanya mjinga!" Nami nikamwacha anitetee.

Ekuwa akajifuta jasho, akanitazama bila chuki. "Hakudanganywa, mwanangu. Tulimwona. Alikuwa nyuma ya mchikichi, shati jeupe, miwani imejaa vumbi. Wenzangu walitaka kukimbia, nikawaambia watulie, yule naye Alhamisi imemkuta huku huku."

Ni kweli, mdogo wangu. Jumatano moja ya mwaka ule wa tatu nilisahau utepe wangu wa kupimia kule kilimani. Kesho yake nikaufuata, nikijiona msomi asiyetishwa na miiko ya wazee. Niliona yote. Kama ningesema, wangeniuliza niliona siku gani. Mjomba angelazimika kusimama mbele ya chifu na kondoo wa fidia kwa kosa la mpwa wake, na mama angejificha uso sokoni. Hivyo ndivyo nilivyojiambia miaka yote. Lakini kondoo mmoja, Twumwaa! Kondoo mmoja tu! Ukweli ni kwamba nilitaka kuwa mwana aliyerudisha ardhi. Nilikaa mezani nikaandika tisini na mmoja, nikijua.

Kwa hiyo usivunje jani. Shamba la mama ndilo udongo pekee walio nao wajukuu wako. Isome barua hii mbele ya Opanyin na mashahidi wote, na ukifika kwenye neno Alhamisi usilipunguzie sauti. Asiyeamini apande kilimani kabla mvua haijanyesha.

Serwaa ndiye atakayekuletea barua hii kwa mkono. Hajazungumza nami tangu Jumanne, ila amekubali kuja, pamoja na kondoo. Huyo kondoo nimemfunga chini ya dirisha langu, analia tangu asubuhi.

Nisalimie majirani wote, na Ekuwa kabla ya wote. Na siku ya kunichimbia kaburi, wachague yoyote, isiwe Alhamisi.

Ni mimi kaka yako,
Yaw Arhin