Usizibe Mtungi wa Mama

Mantapala, upande wa Nchelenge

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Anyesi,

Nakusalimu kwa mikono miwili, Yaya, ingawa mikono yenyewe siku hizi ina udongo kwenye mistari ya viganja ambao hautoki hata nikisugua kwa majivu. Hujambo? Goti lako linakuacha ulale? Na shemeji, Baba Dani, kifua chake kimetulia tangu baridi ilipokwisha? Sisi huku tuko wazima. Mihogo imeshika vizuri. Mahindi yaliungua kidogo na jua, lakini tutakula. Ruth amekuwa mrefu, anavaa viatu vyangu bila kuomba. Baba yake yuko Mununga na wavuvi wenzake, anarudi mwezi ukiwa mpevu, wakati dagaa hawavuliki.

Sasa, kabla hujasoma zaidi, nikuombe jambo. Papa Kasongo, yule mfanyabiashara anayevuka ziwa, amekuletea gunia. Kama umeshalifungua, umeona mtungi, na umeona tundu chini yake. Tafadhali usimgombeze. Nakujua, huenda umeshaanza. Si yeye aliyeutoboa, maskini, aliubeba kama yai kutoka hapa hadi Kashikishi hadi kwako Kilwa. Ulitoka kwangu hivyo. Wala usimwite fundi auzibe kwa saruji. Keti kwanza. Ningekupigia simu, lakini simu ya ng'ambo hukata maneno, na haya sitaki yakatwe.

Siku ile uliponieleza jinsi Mama alivyoondoka, mengi niliyasahau kwa kulia. Mawili yalibaki. Ulisema alikataa maji ya bidoni, lile dumu la plastiki, kwa kuwa yananuka mafuta, akawa anaomba maji ya mtungi, na mtungi wake ulikuwa umebaki kwenye nyumba tuliyoikimbia. Tena ulisema kwamba juu ya kaburi mliweka sahani ya plastiki, maana hapakuwa na chombo chake kingine, na mlipotaka kuitoboa kama desturi ilipasuka pande mbili. Uliyasema kwa haraka, kama mtu anayeruka tope. Mimi nikabaki humo topeni.

Sikuwepo kumzika, Yaya. Ziwa ni lile moja, wafanyabiashara wanalivuka na magunia yao ya samaki kama wanavuka uwanja, lakini mimi na karatasi yangu ya ukimbizi sikulivuka.

Tangu hapo kukawa na kitu nyumbani kwangu. Unakumbuka Mama alivyokuwa akigonga vyungu sokoni kwa kifundo cha kidole, kisha anainamisha sikio kama daktari, na muuzaji anakasirika? Basi jioni nikiwa nje napepeta unga, nasikia mtu anagonga bidoni ndani ya nyumba. Anagonga, kisha kimya, kama anayesikiliza. Naingia, hakuna mtu. Nilijiambia ni huzuni tu. Mpaka jioni moja Ruth akatoka mlangoni akaniuliza nani anagonga bidoni yetu. Nikamwambia ni panya. Alinitazama sana. Panya hagongi akasubiri.

Mimi ni mtu wa kanisa, unajua, kwa hiyo sikumweleza yeyote. Lakini niliposikia kwamba kuna mama mmoja wa kabila la Wabemba anafundisha kufinyanga kwenye baraza la kanisa letu, jioni, watu wakishatoka mashambani, nilikwenda hata kabla ya kunawa miguu.

Anaitwa Bana Chanda, maana yake kwao ni Mama Chanda. Alizaliwa kando ya ziwa, akaolewa katika kijiji jirani na kambi yetu. Kiswahili chake ni cha sokoni, kizuri hasa kwa kukataa bei, na pale kinapokwisha anaweka Kibemba na sisi tunaelewa. Tuko wanawake wachache tu. Wa kukutajia ni Mama Odeti, anayetoka Pweto, mdomo wake haukauki kama kisima cha misheni.

Hakuna mashine, Yaya, ni mikono. Unatwanga udongo mkavu, unauchekecha, unauchanganya na vigae vya vyungu vya zamani vilivyosagwa. Bana Chanda anasema vigae hivyo ni wazee, wanamshika mkono mtoto asiogope moto. Kisha unaanza na pete ya udongo juu ya jani la mgomba. Unaongeza misokoto mirefu kama nyoka, unapandisha tumbo, unabana shingo, unalainisha kwa gunzi na kwa kokoto ya ziwani. Chini kunabaki wazi. Ukishakauka kiasi, unaupindua mtungi, kinywa kinalala chini, ndipo unafunga kitako. Kitako ni cha mwisho. Hapo hakuna kuongea, anayefunga anafunga kimya.

Siku ya kwanza nilipoingiza vidole katika udongo uliolowa, nilinusa nguo ya Mama. Ile kanga aliyokuwa akijifunga kwenda kisimani, chini ilikuwa imelowa daima. Nikainama chini ili wasinione uso.

Chungu changu cha kwanza kiliinama. Mama Odeti akakizunguka, mikono mgongoni, kama mkaguzi.

"Mama Ruth, hii yako iko na shingo ya bata. Inamutafuta nani?"

Tukacheka, hata mimi. Chake kilikuwa cha maharage, kinene, mpaka Bana Chanda akamuuliza kama anataka kupikia au kujengea nyumba.

Jioni nyingine nikamuuliza Bana Chanda, kama vile nauliza habari za mvua, kama mtu anaweza kufinyanga mtungi wa kuweka kaburini. Mikono yake ikasimama. Akasema hapana. Chombo cha kaburi kinatoka jikoni kwa marehemu mwenyewe, chombo kinachoujua mdomo wake, hicho ndicho kinachotobolewa na kuwekwa. Anayefinyanga kipya kwa ajili ya kaburi ametandika kitanda, na hajui ni nani atakayekuja kulala. Wewe unajua, Yaya, hata kwetu ndivyo. Nikasema wangu utakuwa wa maji ya nyumbani. Sikudanganya kabisa, maana Mama aliomba maji.

Tulipofika wakati wa kufinyanga vyombo vya kuingia motoni, ikabidi kila mmoja akachimbe udongo wake mwenyewe. Unapatikana kwenye bonde la majimaji, nyuma ya mashamba. Njia ile ina sheria. Hamsalimiani. Hugeuki nyuma. Ukiitwa, huitiki, hata ukiitwa na mumeo. Bana Chanda alisema udongo unasikia, ukisikia umeitika jina lako, unalishika, na chombo chako kitaliachia jina hilo motoni. Anayeitika anavunja chake na vya wenzake pamoja.

Tulikwenda jua likielekea kuzama, mmoja nyuma ya mwingine, mimi wa mwisho. Mama Odeti alikuwa amefumba mdomo kwa nguvu hata mashavu yamevimba. Nilichimba, nikajaza beseni, nikajitwika. Tulipokuwa tunapanda kutoka bondeni, nyasi zikiwa ndefu pande zote, mtu akaniita kutoka nyuma.

Akasema, "Kijiko."

Unakumbuka, Yaya? Yule mtawa wa misheni alinipa kijiko, na mimi nikakataa kula ugali wetu wa bukari kwa mkono, nikawa nalala nacho, Mama akaniita hivyo mpaka nilipoolewa. Hakuna mtu Mantapala anayelijua jina hilo. Hata Baba Ruth halijui. Lilitoka majini na majanini kwa sauti ile ya Mama ya kuita bila haraka, anapotaka uje umshikie kitu.

Nilijua sheria. Niliijua vizuri. Nikaitika, "Eeh, Mama."

Sikugeuka. Hilo nililiweza. Nilisimama na beseni kichwani, nikasubiri aseme alichotaka. Hakusema. Nyasi hazikutikisika. Mbele yangu wenzangu walikuwa wanazidi kwenda, wakawa migongo tu, nikawafuata.

Mtungi ule ulijifinyanga, Yaya, sijui niseme vipi. Udongo ulipanda bila kuanguka. Shingo ilisimama. Bana Chanda alipita akapapasa tumbo lake, akaguna, na kwake kuguna ni sifa. Nilipoupindua nikafunga kitako, nilifunga kimya, lakini moyoni nilikuwa nalisikia lile jina.

Vyombo vikakauka chini ya paa la baraza. Na kila nilipopita, niliona chungu cha Mama Odeti karibu na mtungi wangu. Alikuwa amekipunguza unene, amekichora mstari wa samaki shingoni. Ana mjukuu Pweto ambaye hajamwona, anasema maharage ya kwanza ya kumkaribisha yatapikwa humo. Nikawa silali vizuri. Wangu ukivunjika, nimezoea kukosa. Lakini samaki wale walikuwa na kosa gani?

Basi siku ya kuchoma, nyasi zimekwisha kukusanywa na magome yamepangwa, nikawaambia. Niliwaambia yote, njia na jina na kwamba niliitika. Nikadhani Mama Odeti atanirukia. Aliketi chini polepole.

"Mama yako alikuita," akasema, "na weye ungenyamaza? Mimi mama yangu akiniita hata kanisani, nitaitika."

Bana Chanda hakucheka wala hakukasirika. Aliuchukua mtungi wangu kutoka katikati ya wenzake, akaupeleka pembeni, mahali pa peke yake, akanipa kisinga cha moto mkononi. Akasema kila mwenye kuitwa apike mwito wake mwenyewe.

Mioto ikawa miwili. Mkubwa wao waliuzunguka wakizungumza. Mimi nilikaa kwenye wangu mdogo. Nyasi zilipoanguka niliuona mtungi mwekundu ndani, kama kitu kinachopumua. Kisha ukatoa sauti, mlio mfupi. Kama kifundo cha kidole kinagonga. Wanawake wakageuka wote. Nilijua umepasuka, na nilikaa pale nikiutazama kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kutazama.

Vyombo vyao vilitoka vizima. Samaki wote walitoka. Nilimshukuru Mungu kwa hilo kwanza.

Wangu ulipopoa, Bana Chanda aliuinua. Tumbo zima, shingo nzima, mdomo hauna hata ufa wa unywele. Kitako ndicho kilichokuwa kimedondoka, kipande kimoja cha mviringo, kimebaki majivuni kama kifuniko. Mama Odeti anasema nilikifunga kinene na ndani kulikuwa hakujakauka. Labda ni hivyo, yeye sasa amekuwa fundi. Lakini Bana Chanda aliuelekeza kwenye mwanga akachungulia tunduni, akaniona upande wa pili.

"Mulisema ni wa maji ya nyumbani, mayo." Mayo kwao ni mama.

Nikasema ndiyo.

"Nani ametoboa?"

Nikasema sijui. Nikasema si mimi.

"Si weye," akasema. "Haukufinyanga chombo cha kaburi. Ulifinyanga mtungi wa maji, mwenye mtungi akaja kuuchukua. Sasa mupelekee."

Kisha akawageukia wengine akawauliza mbona moto wao unazimika na maji ya magome ya kupaka vyombo hayajachemka, na kazi ikaendelea.

Niliuweka mtungi ndani, karibu na bidoni, nikimsubiri Papa Kasongo amalize kuuza. Jioni moja kabla hajaja, mimi na Ruth tulikuwa nje tunapepeta unga. Tukasikia. Safari hii haikuwa bidoni, ilikuwa udongo, ile sauti nzuri anayoitafuta mtu sokoni. Ruth akanitazama tu. Tuliendelea kupepeta.

Tangu ulipoondoka mtungi, ndani kumetulia. Nilidhani ningefurahi. Jioni nanyamazisha ungo nisikilize, na bidoni imekaa tu, bidoni.

Kwa hiyo, Yaya, nenda nao kaburini. Ondoa vile vipande vya plastiki, uvichome. Usimamishe mtungi wima, upande wa tundu uguse udongo wenyewe, usiweke jiwe chini yake. Chota maji ya ziwa kwa chombo chochote ila bidoni, uyamimine ndani taratibu. Hayatakaa. Yatashuka. Mimina mpaka uone udongo umeshiba.

Mpe pole shemeji. Mwambie Dani ile mipira ya shule niliyoahidi bado naikumbuka. Mjomba wetu mvuvi, mwambie asiende ziwani peke yake kwa uzee ule. Mama mkubwa wa Lukonzolwa, yule aliyemwosha Mama, mshike miguu kwa niaba yangu. Mama Odeti anakusalimu ingawa hakujui, anasema mtu mwenye dada kama mimi anahitaji maombi.

Na ukiwa pale, ukimaliza kumimina, gonga mtungi mara moja kwa kidole. Kama utasikia mtu anaita jina langu lile la utoto, usiogope, na usiitike, si lako. Mwambie tu kwamba nilisikia, na kwamba maji ni ya mtungi.

Mdogo wako asiyekusahau,

Feza, Kijiko