Nyasi za Mzee Noordin

Jumapili, 7 Mei 1995

Joto limekuja ghafla, na unyevu wake. Nguo zinanata mwilini kama niko Kisumu. Na hapa Malvern, huku ng'ambo, wazimu umeanza — kila mtu nje na mashine yake, inanguruma tangu asubuhi. Wanakata nyasi. Halafu wanazimwagia maji zikue. Halafu wanakata tena! Ng'ombe hata mmoja hakuna. Kwetu nyasi zikifika mlangoni watu wanauliza mwenye boma alikufa lini.

Mimi nachuma yale majani yenye maua ya njano. Nilimwona bibi mmoja Mtaliano akiyachuma kule bustanini, nikajaribu. Machungu kama chinsaga, mboga yetu ya nyumbani. Nayachemsha, natia maziwa, nayalaza mpaka kesho. Mdogo wangu Jemimah anayala mpaka anakwangua sufuria. Mimba ya miezi saba, damu iko chini, na ile ya mwaka juzi ilitoka. Daktari kamwambia ale mboga za majani. Kule anakokaa, St. James Town, ghorofa ya kumi na saba, atachuma wapi? Kwenye lifti?

Jumatano, 10 Mei

Mwenye nyumba, Mzee Noordin, amekuja. Kuingia amekataa. Amesimama njiani akitazama nyasi kama anayetazama maiti. "Mama, majirani wote kijani, yenu njano! Hapa si shamba." Mwenyewe kazaliwa Kisumu, anajisahau. Nikamwambia, mzee, hiyo njano ni mboga. Akacheka. Ati mboga ziko dukani. Ati atatuma mtu aje kutengeneza. Kutengeneza! Nyasi ni gari?

Mogaka anasema nisibishane na mwenye nyumba. Huyu mume wangu hajawahi kubishana na mtu ila mimi.

Jumamosi, 13 Mei

Nimetoka kazini, nakuta kibao kwenye nyasi zetu. Kidogo, kwenye kijiti, Kiingereza kitupu, nami sikisomi. Barabara nzima imejaa vibao vya uchaguzi, vyekundu, vya buluu — watu wazima wameanika siri zao nje kama chupi kwenye kamba. Wapumbavu. Na sasa wamenipandia na mimi! Bila hodi!

Kaka yetu Elkana, kule nyumbani, mwaka wa tisini na mbili, alibandikiwa karatasi ya chama mlangoni. Hakuiomba. Siku ya tatu nyumba ilikuwa majivu.

Nikaking'oa. Nikakivunja gotini, nikakizika kwenye takataka chini ya maganda ya ndizi. Binti yangu Kwamboka akaniuliza, kwa Kiingereza chake, nafanya nini. Nikamwambia nafagia. Sikutaka akisome — mtoto wa miaka tisa akisoma jina la chama, kesho atalitangaza shuleni. Mimi sina chama. Waandike hivyo.

Jumatatu, 15 Mei

Nje kunanuka kama dawa ya kunguni. Ni jirani tu, na madawa yake ya bustani! Nimeosha majani mara mbili kwa sababu yake. Yamejikunja kidogo, ni hili joto. Nimeyapika bila kuyalaza, maana sina muda. Nikapanda basi na sufuria mapajani, watu wananusa wanageuza shingo. Wageuze.

Jemimah kala sahani mbili. "Dada, mtoto amepiga teke, anadai sahani yake!" Tukacheka mpaka akashika kiuno. Nimemwachia na mfuko wa mabichi, apike mwenyewe kesho. Shavu lake leo lina rangi. Daktari na vidonge vyake akae pembeni.

Jumatano, 17 Mei

Maua yote yameinama. Mashina yamepinda kama makucha. Nimesimama nje nayatazama, sielewi, na Mzee Noordin huyo anakuja anang'aa meno. "Umeona kazi, Mama? Wiki ijayo haibaki hata moja!"

Kazi gani?

Dawa, anasema. Yule mtu alipiga Jumamosi. Akaweka kibao watu wakae mbali. Ananiuliza, kibao kiko wapi?

Mtu mzima, mvi kichwa kizima, anaua chakula ili majani yasiyoliwa na mtu yapendeze! Na mdomo wa kuniambia mimi ulikuwa wapi? Alikuwa nao Jumatano iliyopita, akiimba kijani, kijani! Nimemwambia yote hayo, na mengine siandiki hapa. Halafu yeye, polepole: "Mama... mlikula?"

Takataka hawajachukua. Nimekifukua kibao, nimeunga vipande viwili mezani. Kwamboka amesoma kimya, kidole chini ya kila neno. Huyu ambaye kila siku nasema naye Kiswahili ananijibu Kiingereza — leo Kiswahili kimemtoka. "Mama, ni sumu. Kuna namba ya kupiga."

Kwanza nimepiga ya Jemimah. Inalia tu. Mara tatu. Jumatano huwa hatoki! Mimi nilionja kijiko kimoja, sina kitu, tumbo limetulia. Lakini yeye sahani mbili. Na mfuko.

Na mimi ndiye niliyekivunja kibao. Kwa goti langu.

Kwamboka ameshika simu sasa, anasubiri wale wa namba, mimi naandika maana kukaa bure siwezi. Noordin anasema anatupeleka St. James Town kwa gari lake. Mogaka angemwambia asante, mzee. Mimi sijasema. Njia ni nyembamba, anageuza — amelipandisha gari juu ya nyasi! Nyasi zake mwenyewe, magurudumu yanazichimba mpaka udongo, na hata hatazami chini. Anapiga honi. Kwamboka ananiambia wamepokea, wanauliza ni mimba ya miezi mingapi — natoka.